Yurei si obake
Ulivyouliza kama yurei na obake, viumbe wa kutisha wa hadithi za Kijapani, ni kitu kimoja: hapana ndugu, ingawa Wajapani wenyewe huyachanganya maneno hayo wakiongea harakaharaka. Yurei ni mzuka wa mtu aliyekufa na kinyongo moyoni, hasira au mapenzi yasiyokwisha, akashindwa kuondoka. Obake linatokana na kitenzi bakeru, yaani kubadilika umbo. Kwa hiyo mbweha aliyejigeuza msichana ni obake, na hata mwavuli mkuukuu ulioota jicho moja na kurukaruka kwa mguu mmoja (huyo mimi simwogopi, ananichekesha tu).

Yurei utamjua kwa mavazi: kanzu nyeupe ya maziko, nywele ndefu zimemwagika, mikono inaning'inia, miguu haionekani. Mchoraji Maruyama Okyo wa karne ya 18 ndiye anayetajwa sana kwa kueneza picha hiyo ya kukosa miguu. Tazama pia kimono, vazi la jadi la Kijapani: aliye hai hulaza upande wa kushoto juu ya wa kulia, maiti huvishwa kinyume. Mgeni akikosea kuivaa, wenyeji hushtuka, maana amejivika kama marehemu.