Alfa kwenye kaboni-12: kina kipi ndo sahihi?

Umeuliza, ukirusha alfa (kiini cha heli) kwenye kaboni-12, shimo la nguvu linaloivuta lina kina kipi. Hujakosea kaka, kupata Woods-Saxon mbili (Woods-Saxon ni fomula ya umbo la hilo shimo), moja ya kina kifupi nyingine kirefu, na zote zinafiti vizuri data zako za alfa zinavyotawanyika kwa kila pembe, ni kawaida kabisa kwenye nishati ndogo, manake ukiongeza kina kiasi fulani wimbi la alfa linapata nusu wimbi la ziada ndani ya kiini halafu linatoka nje vilevile kama mwanzo, sa data za pembe ndogo zitajuaje tofauti? Panda nishati. Chukua zile data za alfa ya 139 MeV (kipimo cha nishati) zinazofika pembe kubwa, utaona mawimbi ya pembe ndogo, yaani mstari wa data kupanda na kushuka, yanaisha alafu mstari unashuka taratibu, ule ndo upinde wa nyuklia, mfano wa upinde wa mvua ila kwa alfa, na hapo kina kimoja tu kinafiti. Sehemu imajinari ya hilo shimo, ile inayomeza alfa, usiizidishe, itaufuta huo upinde.