Amplifaya ya Kopo Inavuma

SWALI: Mhariri, nimetengeneza amplifaya ndogo ya gitaa kwa chipu ya LM386 na betri ya volti 9, nikaiweka katika kopo la biskuti. Ilitulia vizuri, lakini tangu nilipolipaka kopo rangi, ndani na nje, inavuma mno. Je, rangi imeharibu saketi?

JIBU: Saketi yako ni nzima, ndugu msomaji. Kopo la bati huikinga saketi dhidi ya mivumo ya umeme wa nyumbani iwapo tu limeunganishwa na waya wa ardhi wa saketi (ule wa upande hasi wa betri), na kwa kawaida muungano huo hupitia soketi ya gitaa pale inapogusana na bati; rangi ya ndani imeukata. Ifungue soketi, usugue kwa msasa kuzunguka tundu lake hadi bati ling'ae, kisha uikaze tena. Kagua pia kama umeweka kapasita (kijenzi kidogo cha kuhifadhi chaji) ya mikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8 wa chipu, kwani hupandisha ukuzaji kutoka mara 20 hadi 200, na mvumo nao hukuzwa pamoja na sauti. Upande wa nje pamba utakavyo. Mimi ningebandika kipande cha kanga kuukuu kwa gundi ya mbao, kisha nikakipaka vanishi.