Jarida la falsafa kuwa huria mtandaoni: makala za zamani ni za nani?

Swali: Mimi ni mhadhiri wa falsafa hapa Mwanza. Jarida la idara yetu limekuwa likitoka kwa karatasi tu, na sasa tunataka lisomwe bure mtandaoni. Je, tuwatoze waandishi ada? Na makala za zamani, tunaweza kuzipandisha moja kwa moja?

Jibu: Ndugu Mhadhiri, hongereni kwa uamuzi huo. Naomba nianze na swali la pili, kwa kuwa ndilo linaloweza kuwakwamisha. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, mwenye haki wa kwanza ni mwandishi, na haki zake za kiuchumi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Fungueni, basi, faili la barua za kukubali makala. Barua inayosema tu kwamba makala itatoka katika toleo lijalo haijawapa ruhusa ya kuiweka mtandaoni, sembuse kuitolea leseni huria, yaani idhini ya wazi inayomruhusu yeyote kuitumia. Waandikieni waandishi, na kwa marehemu waandikieni warithi, mkiomba idhini ya maandishi inayoitaja leseni kwa jina. Makala ya anayekataa ibaki kwenye karatasi.

Leseni ninayoipendekeza ni CC BY, mojawapo ya leseni huria za Creative Commons. Wanafalsafa wengine huipenda CC BY-ND, inayozuia kusambaza makala iliyobadilishwa, na hofu yao naielewa, kwani neno moja likiguswa hoja nzima huweza kuyumba. Hata hivyo, leseni hiyo huzuia pia kusambaza tafsiri bila idhini, hivyo mwalimu wa Ukerewe anayetaka kuwatolea wenzake makala ya Kiingereza kwa Kiswahili atakuwa amefungiwa mlango. CC BY inamruhusu, mradi amtaje mwandishi na aeleze kuwa amebadilisha.

Ada msitoze. Utafiti wa falsafa mara nyingi hauna ruzuku, kwa hiyo ada hutoka mfukoni mwa mwandishi. Mwaka 2024 wahariri wa jarida la Philosophy & Public Affairs walijiuzulu kutoka kwa mchapishaji wao, Wiley, wakaanzisha jarida jipya, Free & Equal chini ya Open Library of Humanities, mchapishaji wa majarida huria, ambako gharama hubebwa kwa michango ya maktaba na mwandishi halipi. Ninyi mnaweza kutumia Open Journal Systems, programu ya bure ya kuendeshea jarida mtandaoni. Kitakachohitaji fungu la idara ni seva, namba za DOI (utambulisho wa kudumu wa kila makala mtandaoni) na muda wa mhariri.

Ombeni pia ISSN, yaani namba ya utambulisho wa jarida, ya toleo la mtandaoni, maana ile ya karatasi haitoshi.