Maswali na majibu: Wiki tatu Vietnam, twende Oktoba au tungoje Machi?

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi na mke wangu tuko Mombasa. Tumeweka akiba ya kwenda Vietnam siku 21 na likizo tunataka kuiombea Oktoba. Orodha yetu ni Hanoi, Sapa, Ha Giang, Ha Long, Ninh Binh, Phong Nha, Hue, Hoi An, Da Lat, Saigon, Can Tho na kisiwa cha Phu Quoc. Ha Giang tungependa kukodi pikipiki, kwingineko treni. Tufuate mpangilio gani, na chakula cha halali tutakipata?

JIBU: Waaleikum salaam. Tuanze na Oktoba, maana hapo ndipo safari yenu inapoweza kuharibikia.

Watu wa pwani mnazijua kaskazi na kusi, na Vietnam nayo inaendeshwa na pepo za jamii hiyohiyo. Kuanzia Mei hadi Oktoba upepo wa kusini magharibi huleta mvua Saigon na delta ya Mekong, huku milima ya Truong Son ikiukinga ukanda wa kati, ambao wakati huo huwa mkavu na wenye joto kali. Kuanzia Septemba mambo hugeuka. Upepo wa kaskazini mashariki huja na unyevu wa baharini, ukagonga milima ileile kwa upande wa pili, na maji yakaishia Hue, Da Nang na Hoi An. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya mafuriko huko. Mwishoni mwa Oktoba 2025 mito ilifurika Hue na Hoi An hadi watu wakapita mitaani kwa mashua. Maji yakipanda, mapango ya Phong Nha hufungwa, na reli ikifunikwa treni husimamishwa.

Kwa nchi nzima kwa mkupuo mmoja, wakati mzuri ni Machi hadi katikati ya Aprili. Kaskazini huwa na ukungu na rasharasha, kwa hiyo bebeni sweta, lakini kati na kusini ni kukavu. Mwaka 2027 kuna jambo la kuangalia: mwaka mpya wao, Tet, unaangukia 6 Februari, na kwa takriban wiki nzima maduka hufungwa na tiketi hazishikiki. Ramadhani nayo itaanza siku chache tu baadaye, na Idd itakuwa karibu na 10 Machi. Sherehekeeni Idd nyumbani, kisha mwondoke katikati ya Machi. Mtakuwa mmesharudi kabla ya 30 Aprili na 1 Mei, sikukuu zinazojaza tena treni zote.

Kama likizo haihamishiki, basi Oktoba kaeni kaskazini wiki mbili, ambako mwezi huo anga hutulia na joto hupungua, kisha rukeni kwa ndege ya saa mbili kutoka Hanoi hadi Saigon kwa wiki ya mwisho. Ukanda wa kati uacheni kabisa.

Sasa orodha. Vituo 12 kwa siku 21 havitoshi, kwa sababu kila kuhama hula nusu siku au zaidi: kufunga mizigo, kungoja basi, kutafuta hoteli. Ningeondoa Sapa, kwani Ha Giang inawapa milima mizuri zaidi na watalii wachache, kisha Da Lat na Phu Quoc. Ha Long nayo ningeiacha bila majuto. Majabali ya chokaa ya aina hiyohiyo mtayaona Ninh Binh, yakiwa juu ya mito na mashamba ya mpunga, na boti za makasia za Trang An, hukohuko Ninh Binh, hazisumbuliwi na mawimbi kama za Ha Long, ambako mamlaka ya bandari huzuia meli zote hali ya bahari ikichafuka.

Usiku 21 ungegawanyika hivi: Hanoi 3, Ha Giang 4, Ninh Binh 2, usiku 1 ndani ya treni, Phong Nha 2, Hue 2, Hoi An 3, delta ya Mekong 2, Saigon 2. Nunueni tiketi ya ndege ya kuingilia Hanoi na kutokea Saigon. Mkikata ya kwenda na kurudi Hanoi, mtapoteza siku nzima kurudi kaskazini.

Treni. Reli ya Hanoi hadi Saigon ina kilomita 1,726 na upana wa mita moja, uleule wa reli yetu ya zamani ya Mombasa hadi Kampala, kwa hiyo msitegemee mwendo wa SGR. Safari nzima huchukua zaidi ya saa 30 na haina haja. Vipande viwili tu ndivyo vyenye faida kwenu. Cha kwanza ni usiku kutoka Ninh Binh hadi Dong Hoi, kama saa nane. Chukueni chumba cha vitanda vinne, vitanda vya chini. Kile cha vitanda sita kina godoro jembamba, na kitanda cha juu kabisa hakikuruhusu hata kuketi. Dong Hoi si Phong Nha. Kuna kama kilomita 45 zaidi za gari, basi iambieni hoteli mapema iwatumie dereva stesheni. Kipande cha pili ni Hue hadi Da Nang, karibu saa tatu, mchana. Kaeni upande wa kushoto, maana njia ya Hai Van inapita juu ya bahari. Hoi An haina stesheni. Kutoka Da Nang ni kilomita 30 za teksi.

Pikipiki. Vietnam inatambua leseni ya kimataifa iliyotolewa chini ya Mkataba wa usafiri wa barabarani wa 1968, na lazima daraja la pikipiki liwe limepigwa muhuri. Ile ya mkataba wa zamani, iliyoandikwa 1949, haikubaliki. Fungueni kijitabu chenu msome mwaka. Ukiendesha bila leseni halali, faini ni tatizo dogo. Kubwa ni kwamba bima ya safari haitalipa hospitali mkianguka, na kona za Ma Pi Leng, njia ya mlimani ya Ha Giang, zina makorongo marefu. Kodini madereva wenyeji wawili, kila mmoja wenu akae nyuma ya wake. Mzunguko wa Ha Giang ni kama kilomita 350 kwa siku tatu. Msishangae pia tiketi au ramani kuandika mkoa wa Tuyen Quang: tarehe 1 Julai 2025 mikoa iliunganishwa kutoka 63 hadi 34, na Ha Giang imo humo sasa. Hoi An vilevile iko chini ya Da Nang.

Viza huombwa mtandaoni, evisa.gov.vn. Dola 25 kwa kuingia mara moja, hadi siku 90. Tovuti nyingine zenye majina yanayofanana ni za mawakala, nazo hutoza zaidi. Makosa yanayowakwamisha watu ni jina moja kati ya matatu ya pasipoti kuachwa, au tarehe ya kuzaliwa kupinduliwa siku na mwezi. Ada hairudishwi, mtaanza upya. Ombeni wiki tatu kabla, na mchapishe karatasi, kwani mtaulizwa mkiwa bado uwanja wa ndege wa hapa.

Chakula kinahitaji uangalifu wa kweli. Nguruwe yumo hata asipoonekana, kwenye supu ya mifupa na mafuta ya kukaangia. Kaskazini humwita lợn, kusini heo. Neno la kuwaokoa ni chay, chakula cha Kibudha kisicho na nyama. Tarehe mosi na 15 za mwezi mwandamo vibanda vyake huongezeka. Hanoi kuna msikiti mtaa wa Hang Luoc, na Saigon mtaa wa Dong Du, ambao una migahawa ya halali jirani. Kwa sababu hiyo, zile siku mbili za delta ningezipeleka Chau Doc badala ya Can Tho. Ng'ambo ya mto wanaishi Wacham Waislamu, wenye misikiti yao na vyakula vyao, na mtakula bila kuuliza kila sahani.

Pesa: noti ya dong 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu. Ziwekeni mifuko tofauti.