Usitume hela ya hiyo Kindle kabla hujafungua faili lako mwenyewe ndani yake

Mkuu, usitume hiyo hela. Kama umeshamwambia muuzaji kesho asubuhi, mpigie umwambie asubiri.

Umeandika uko Lindi mjini, una laki tatu na nusu, umepata Kindle (kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu) ya inchi 6 iliyotumika kwa mtu wa Kariakoo, na unataka kuisomea kila siku PDF kama sitini za vitabu vya Kiswahili ulizokusanya kwenye simu, nyingi kutoka makundi ya WhatsApp. Halafu ukauliza kuhusu GB 8 au 16, taa, maji, kava, chaji. Wadau wawili wameshakujibu "chukua tu mkuu, inafungua PDF". Mimi nilipofika kwenye hizo PDF sitini moyo ulinidunda, maana ndipo nilipopigwa mwaka juzi, tena kwa jibu hilo hilo.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Alifundisha historia Masasi mpaka akastaafu, sasa anaishi Nanyamba na mikorosho yake. Sukari imemla macho. Kitabu cha karatasi akikishika anakisogeza mbali, anakirudisha karibu, mwisho anakiweka chini anawasha redio. Mtu aliyekuwa akimaliza kitabu kwa siku mbili. Nikasikia kuna hivi vifaa vya wino wa kielektroniki, kioo hakiwaki machoni kama simu, unakaa nacho juani barazani unasoma kama gazeti, na herufi unazikuza unavyotaka. Hapo kwenye kukuza herufi nikasema basi, dawa ya mzee imepatikana.

Nilikuwa na hela ya mnada wa pili wa korosho. Nikatazama video tano. Nikauliza humu humu jukwaani, nikajibiwa na mdau mmoja: "Kindle ya inchi 6, inafungua PDF zote, hutajuta." Muuzaji naye akanijibu kwa sauti ya WhatsApp: "PDF inafungua zote bosi, wewe tu." Nikamtumia laki tatu na ishirini kwa simu. Mzigo ukaja na basi, siku ya pili nikaupokea stendi ya Mtwara, kifaa safi, kioo hakina mkwaruzo. Nikaingiza vitabu kumi na viwili kwa kebo. Cha kwanza kilikuwa kile alichokuwa anakililia mzee, historia ya Vita vya Maji Maji, mtu alikiskani ukurasa kwa ukurasa. Jumamosi nikapanda gari kwenda Nanyamba.

Mzee akaoga, akavaa kanzu, akakaa kwenye mkeka. Nikamfungulia. Kitabu kikafunguka, mdau wetu hapo hakudanganya. Ukurasa mzima ukaingia kwenye kioo, pande zote nne, hadi kivuli cha mahali kitabu kilipokunjwa kinaonekana. Herufi zilikuwa kama sisimizi waliokufa juu ya karatasi. Mzee akasema, "Haya, mwanangu, zikuze." Nikagusa juu, nikabonyeza pale palipoandikwa Aa. Nilikuwa nimejifunza kwenye video kwamba hapo ndipo ukubwa wa herufi unapobadilishwa. Palikuwa na kuongeza weusi, palikuwa na kugeuza ukurasa ulale, mambo ya kingo, basi. Ukubwa wa herufi haupo. Nikadhani nimekosea, nikatoka, nikarudi. Haupo.

Nikavuta kwa vidole viwili kama kwenye simu. Kioo kikafikiri, kikawa cheusi, kikarudi cheupe, kikaleta pembe moja ya ukurasa. Mzee akasoma nusu ya mstari, nusu nyingine iko nje ya kioo kulia. Nikamsogezea. Kikafikiri tena. Akasoma mwisho wa mstari. Sasa turudi kushoto kutafuta mwanzo wa mstari wa pili, tukaangukia wa tatu. Ukurasa mmoja ulitumaliza kama dakika kumi. Nikageuza kifaa kilale, angalau mstari ukaingia wote, ila herufi bado ndogo kwa macho yake, na ukurasa mmoja ukawa vipande vitatu. Mzee hakulalamika hata kidogo. Alinipa kifaa kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante mwanangu, kizuri, kiweke usije ukakiharibu." Akawasha redio. Ningependa angenigombeza.

Nikuelezee kinachotokea, maana hakuna aliyenielezea mimi. Kitabu cha EPUB (aina ya faili la vitabu vya kielektroniki), au cha aina ya Kindle yenyewe, ndani yake kuna maneno. Kifaa kinayapanga upya kila ukikuza: herufi zikiwa kubwa, mstari unabeba maneno machache, yanayobaki yanashuka chini. PDF ya kuskani haina neno hata moja ndani. Ni picha ya ukurasa. Kifaa hakijui kwamba hapo pameandikwa "Kinjeketile", kinaona madoa meusi kwenye karatasi nyeupe. Sasa utakuzaje herufi za picha bila kukuza picha yote?

Na piga hesabu ya kioo. Inchi 6 ni kama sentimita 9 kwa 12. Karatasi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Ili ukurasa wote uingie lazima usinyae hadi kama asilimia 41, kwa hiyo maandishi ya ukubwa wa 12, haya ya barua za ofisini, yanakuja machoni pako kama ya 5. Chukua chupa ya dawa ya maji, soma maelezo ya pembeni, ndiyo hayo. Riwaya zetu nyingi ni za ukubwa wa A5, hizo zina nafuu, na ukikata kingo nyeupe unapata nafuu zaidi. Kijana wa miaka 25 anaweza kujikaza. Nimekuona umeandika mahali kwamba unavaa miwani.

Sasa huyu anayesema "inafungua". Ndugu zangu mnaojibu hivyo, naomba mnisikie vizuri: kufungua na kusomeka ni vitu viwili. Hata simu ya baba yangu ya tochi ingefungua picha kama ingepewa. Yule aliyenijibu mimi nilimfuata baadaye nikamuuliza yeye anasomea nini, akaniambia hajawahi kuwa na Kindle, aliona kwenye maelezo ya kifaa. Umemshauri mtu atoe laki tatu kwa kitu hujawahi kukishika! Na wale wa video wote watano walisoma riwaya ya Kiingereza iliyonunuliwa dukani kwa Amazon. Ile lazima ipendeze, imetengenezwa kwa ajili ya kifaa hicho. Hakuna hata mmoja aliyeweka kitabu cha Kiswahili kilichoskaniwa na mtu wa Songea mwaka 2011. Na sisi huku ndicho tunachosoma, maana vitabu vyetu vingi ukivikuta kwenye simu vimekuja hivyo.

Muuzaji nilipomrudia akaniambia, "Lakini si imefungua?" Tukaishia hapo. Kifaa nilikuja kumuuzia binti mmoja wa chuo hapa Mtwara kwa laki moja na themanini, anasoma riwaya za Kiingereza, hadi leo ananisifia kwamba nilimpa kitu kizuri. Na ni kweli ni kizuri. Laki moja na arobaini ilikwenda kwa sababu nilianza kuchagua kifaa kabla sijatazama nina vitabu vya namna gani.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia hata mnichoke: faili lako, kwenye kifaa hicho hicho, mbele ya macho ya msomaji mwenyewe, kabla ya hela kutoka. Muuzaji wa mbali? Mtumie faili lako, tena lile baya kuliko yote, mwambie aliweke, afungue ukurasa wa 41, akupigie video akigeuza kurasa kumi, na sarafu iwe pembeni ya kioo ili uone ukubwa wa herufi. Akikwambia hana muda, hela yako nayo haina haraka. Ukiwa na ndugu Dar, aende na kebo.

Kabla ya hapo fanya kazi hii leo usiku, ni bure. Fungua kila PDF kwenye simu, vuta kwa vidole hadi herufi moja ijaze kioo. Ikibaki kali, kingo zake zimenyooka, humo kuna maneno ya kweli. Ikiwa na ukungu na vijiboksi, au unaona rangi ya karatasi iliyochakaa nyuma yake, hiyo ni picha. Gawa mafungu mawili, hesabu. Mimi kwenye kumi na mbili zangu, tisa zilikuwa picha.

Zile zenye maneno zinaokoka. Kuna programu ya bure ya kompyuta inaitwa Calibre, inageuza PDF kuwa EPUB. Tegemea takataka kidogo, namba ya ukurasa inaweza kutokea katikati ya sentensi, kichwa cha sura kikajirudia, lakini herufi zinakua. Na ujue Kindle haisomi EPUB uliyoingiza kwa kebo. Ama uitume kwa huduma ya Send to Kindle, ambayo imekuwa ikipokea EPUB tangu 2022, ama uigeuze ndani ya Calibre iwe AZW3, aina ya faili la Kindle yenyewe, ndipo uingize kwa kebo.

Zile za picha ndizo zenye kazi. Njia ya kwanza ni kioo kikubwa cha inchi 10 na kuendelea, kama Kindle Scribe ya inchi 10.2, na kwa laki tatu na nusu sahau. Njia ya pili ni ile niliyoishia mimi. Kuna programu ya bure inaitwa KOReader, inawekwa kwenye Kobo na PocketBook, vifaa vya kusomea kama Kindle vya kampuni nyingine, bila shida kubwa, na ndani yake kuna kitu kinachokata picha ya ukurasa neno kwa neno na kuyapanga upya, kama mtu anayekata gazeti kwa mkasi na kubandika vipande kwenye karatasi nyingine. Binamu yangu alikwenda kunitafutia kifaa akiwa na faili la Maji Maji kwenye simu yake, akakuta Kobo Aura One iliyotumika, ya inchi 7.8, imetoka mwaka 2016. Muuzaji alikuwa tayari ameiwekea KOReader. Binamu akaingiza faili, akanipigia video, akageuza kurasa. Ukurasa wa kwanza ulichukua sekunde kadhaa kupangwa, zilizofuata zikaja upesi. Skani ikiwa imepinda au imechafuka, maneno mengine yanakatika vibaya, hilo nakwambia mapema. Nikalipa laki nne na elfu kumi nikiwa nimeshaona.

Mzee sasa anasoma kwa herufi za ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, maneno manne kwenye mstari, anageuza ukurasa kila baada ya muda mfupi. Umeme ukikatika Nanyamba yeye hana habari, kwa sababu chaji inakaa wiki na taa iko ndani yake. Juzi amenipigia saa mbili usiku kubishana na mwandishi kuhusu watu wa Matumbi, nikamsikiliza nusu saa nzima.

Jambo jingine haraka kwa sababu umesema kimetumika: mwambie muuzaji aingie kwenye mipangilio akuoneshe akaunti. Kama kuna jina la mtu mwingine, aliondoe wewe ukiona. Kuna Kindle zilizoripotiwa kuibiwa huko Ulaya na Marekani, hizo hazikubali kusajiliwa kwa akaunti yako hata ufanyeje. Zitasoma vya kebo, lakini kutuma kitabu kwa intaneti hutaweza. GB nane zinatosha. Mengine uliyouliza watakujibu wengine, sina hamu nayo.

Nitumie kurasa tatu za kitabu unachokipenda kuliko vyote, kile ambacho kisiposomeka utalia. Jumapili nakwenda kwa mzee. Nitaziweka kwenye Kobo yake, na yule binti nimeshamwomba aziweke kwenye ile Kindle ya inchi 6, ni saizi ile ile unayotaka kununua. Tutazipiga picha zote mbili na sarafu ya shilingi 200 pembeni, nitazibandika hapa hapa chini kabla ya Jumatatu. Muuzaji mwambie asubiri mpaka hapo.