Wadogo zangu mnaotegea dirisha la pili, yaani awamu ya pili ya maombi ya chuo kikuu, njooni mkae hapa

Jana nimetoka zamu ya usiku, nikapitia steshenari ya mtaani kutoa kopi ya cheti. Ndani kuna vijana sita, matokeo ya kidato cha sita ndiyo kwanza yametoka, wamemzunguka kijana wa kompyuta kama kuku waliomwagiwa mtama. Mmoja wao, wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), divisheni wani, anatangaza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuvaa koti jeupe: "Mimi dirisha la kwanza natest tu mitambo. Wasiponipa udaktari kile chuo kikubwa, sithibitishi kitu. Nasubiri la pili."

Usingizi uliniruka. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, tena nikiwa nimeegemea kaunta inayofanana na ile. Kwa hiyo leo sipumziki, nawaandikia. Mtanisamehe ukali, ni wa dada.

1. Someni mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Wa mwaka huu, si ule aliokutumia kaka yako. Upo wa kidato cha sita na upo wa wenye stashahada, msichanganye. Msiishie kwenye safu ya sifa, nendeni hadi safu inayosema kozi ina nafasi ngapi. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Jumlisha mwenyewe bila kujipendelea. Kufikisha sifa za chini maana yake umeruhusiwa kupanga foleni, basi. Mbele yako kuna watu.

2. Namba ya simu na barua pepe ziwe zako. Zako wewe. Kijana wa steshenari akikwambia "tuweke yangu, nitakujulisha," mshukuru na ukatae, kwa sababu ana watu arobaini na wote amewaahidi hivyo hivyo. Mnaokwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na kuacha laini nyumbani, mwachieni mtu anayesoma meseji, si bibi anayezifuta ili simu isijae. Bibi yangu alikuwa akizifuta kila Ijumaa, anaita kufagia.

3. Kuthibitisha, yaani kukubali chuo kilichokuchagua. Hapa nitakaa sana, nivumilieni.

Mwaka 2019 nilimaliza advansi na alama kumi: B ya Biolojia, C ya Kemia, C ya Fizikia. Nyumbani niliitwa daktari tangu darasa la tano, siku nilipomfunga kuku mguu uliovunjika kwa kijiti na kitambaa. Kuku alipona, nami sikupona jina. Nikaomba vyuo vitatu, na kila kimoja udaktari nikauweka juu, chini yake nikajazajaza kozi ili fomu isirudi tupu. Majina yakatoka. Vyuo viwili vimenichagua, vyote uuguzi. Kile kikubwa, kimya.

Sasa, aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anajua kinachofuata: inaingia meseji yenye namba ya siri, unaingia kwenye akaunti ya chuo unachokitaka, unathibitisha. Kama meseji haijaja, unaingia kwenye akaunti hiyohiyo na kuiomba. Yangu ilikuja. Nikaisoma, nikaifunga.

Nilikuwa na hesabu yangu. Wapo waliochaguliwa vyuo vitatu vitatu, watathibitisha kimoja, viwili vitabaki wazi, na mimi nitakuwa hapo mlangoni nimesimama. Hesabu si ya kijinga, ndiyo maana inawanasa wenye akili. Nafasi kweli zinarudi. Ila jiulizeni ni zipi. Mtu akichaguliwa vyuo vitatu, na kimojawapo ni udaktari katika chuo ambacho kila mtu anakililia, ataachia kipi? Hicho ndicho atakachokishika kwa mikono miwili. Zinazomwagika ni nafasi za kule kwingine. Mimi nilikaa kusubiri embe kwenye mti ambao wenzangu walikuwa wamekwisha kuupanda na kukalia matawi.

Mama akauliza, "Umeshakubali chuo?" Nikasema mfumo unasumbua. Mfumo ulikuwa mzima kabisa. Baba alikwisha kuuza magunia ya alizeti kwa ajili ya kuanzia, pesa ipo ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kila nikipita jikoni naliona lile kopo. Siku ya mwisho ya kuthibitisha nilikaa uani na simu hadi saa tano usiku. Namba ninayo, bando ninalo, mtandao upo. Nikaiweka simu chaji nikalala. Nakumbuka hata nilijisikia mwenye msimamo.

Dirisha la pili likafunguliwa. Kozi zenye nafasi zikatangazwa, na udaktari wa kile chuo haumo kwenye orodha. Nikarudi mbio kwenye ule uuguzi nilioukataa. Chuo kimoja umejaa, cha pili nikaomba na sikuchaguliwa. Dirisha la tatu nikapata kozi ambayo hadi leo siwezi kuitaja jina lake lote bila kuangalia mahali. Sikwenda.

Wenzangu wakaanza kutuma picha za vitanda vya hosteli, kisha picha za chipsi kuku siku bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, lilipotoka. Mimi nilikuwa nauza mayai kwenye duka la shangazi. Wateja wanauliza, kwa upendo kabisa, "Daktari, mnafungua lini?" Wiki ya kwanza nilijibu. Baadaye nikaanza kupita njia ya nyuma ya kanisa, ndefu, ina mbwa, lakini haina watu wa kuuliza.

Tena ilinikuta 2020, mwaka wa korona. Shule zilifungwa Machi, kidato cha sita wakarudi Juni, mitihani ikasogea, matokeo yakatoka Agosti. Kila kitu kikasogea na mimi nikiwa kwenye mayai. Mlango ulipofunguliwa niliomba dirisha la kwanza, nikachaguliwa uuguzi. Chuo kilekile kimoja kati ya viwili nilivyovikaushia. Safari hii nilithibitisha nikiwa nimesimama. Siku ya usajili, aliyekuwa akituelekeza foleni ni msichana niliyekaa naye dawati moja kidato cha tano. Yuko mwaka wa pili. Akanitazama, akatabasamu, akasema, "Karibu, mdogo wangu."

Miaka minne, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na sasa wodi. Kazi naipenda, naomba hilo lieleweke; kinachoniuma ni lile kopo la maziwa. Baba hajawahi kuniuliza.

4. Mtaniambia kuna kutengua uthibitisho. Ndiyo, upo utaratibu, una tarehe zake. Kutengua ili uthibitishe chuo kingine kilichokuchagua tayari, sawa, fanya mapema. Kutengua ili ukaombe upya kwa matumaini, nitampigia mama yako.

5. Kuahirisha mwaka na kutokuonekana ni vitu viwili tofauti kabisa. Jirani yangu wa hosteli aliugua wiki za mwanzo. Alikuwa amekwisha kusajiliwa, akaandika barua, akaambatanisha karatasi za hospitali, akasubiri jibu la maandishi, akaitaarifu na bodi ya mikopo. Mwaka uliofuata alirudi, nafasi ipo. Kijana mwingine wa darasa letu la advansi alituambia naye "ameahirisha." Alichofanya ni kubaki nyumbani akisimamia bodaboda ya mjomba. Mwaka uliofuata akatokea chuoni na begi, godoro na ndoo, jina halipo popote. Kuulizwa barua yake ya kuahirisha, akasema alimweleza mtu wa getini. Kila chuo kina kanuni zake, someni za kwenu kabla hamjaweka godoro kwenye basi.

6. Mkopo: hakikini cheti cha kuzaliwa RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, mapema, na jina kwenye cheti lifanane na la NECTA, Baraza la Mitihani, hadi herufi ya mwisho.

Nilikuwa na saba na nane, ila zamu yangu inakaribia na nyie hamsomi marefu.

Yule kijana wa jana, hayo yote nilimsimulia palepale, nimekaa kwenye kiti cha wateja, kopi yangu imepoa. Hata habari za kopo nilimwambia, na sikuwahi kumwambia mtu. Wenzake walinyamaza. Mmoja akafungua mwongozo kwenye simu, nikafarijika. Yeye akafikiri kidogo, akakuna kidevu kisicho na ndevu, kisha akaniuliza kwa adabu zote:

"Lakini dada, si wewe ulikuwa na alama kumi? Mimi nina kumi na mbili."

Nikalipia kopi yangu, nikaenda kulala.