Maswali ya wasomaji: matairi yasiyovuma kwa Crown, Lexus, Mercedes na BMW

Wiki hii nimekusanya maswali ya wenye magari madogo ya kifahari ambao wote wanataka kitu kimoja: gari litembee kimya. Nimeyafupisha, na majina nimeyaondoa.

Shikamoo fundi. Nina Toyota Crown Athlete ya 2010, matairi 225/45R18. Nikifika 80 linaanza kuvuma, nikiongeza mwendo mvumo nao unapanda. Nataka kubadilisha yote manne. Ninunue yapi? (Mbezi Beach, Dar es Salaam)

Marahaba. Usinunue chochote kabla hujajua kinachovuma ni nini. Mvumo wa tairi na mvumo wa beringi ya gurudumu hufanana sana, na wapo watu wanaolipia matairi manne halafu kelele inabaki palepale. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari, fika 80, kisha yumbisha usukani taratibu kushoto na kulia. Mvumo ukizidi upande mmoja na kufifia upande wa pili, mshukiwa wa kwanza ni beringi. Ukikata kulia uzito wa gari unaegemea kushoto, kwa hiyo mara nyingi inayolalamika ni beringi ya kushoto. Mvumo wa tairi lenyewe hubadilika kwa lami. Ukitoka kwenye lami yenye kokoto zilizochomoza ukaingia kwenye lami laini, na sauti ikageuka hapohapo, ujue ni tairi.

Ukishajua ni tairi, egesha gari, lizime, upitishe kiganja juu ya meno ya tairi kwenda mbele, kisha urudi nyuma. Tairi zima halina tofauti. Lililolika kama msumeno linateleza upande mmoja, na upande wa pili kila jino linakukwaruza. Yashike hasa ya nyuma, ukingo wa ndani, ambako watu wengi hawaangalii. Ulaji huo unatokana na alaimenti iliyopotea (magurudumu hayakai tena katika pembe zake), bushi zilizochoka (mipira ya viungio vya chini ya gari), shokapu dhaifu, au matairi ambayo hayajawahi kubadilishiwa nafasi tangu yafungwe. Ukifunga matairi mapya kwenye gari hilohilo bila kugusa hayo, baada ya miezi michache mvumo unarudi, hata kama umenunua ya bei kubwa kuliko yote dukani. Kwa hiyo anza na bushi na shokapu, kisha alaimenti ya magurudumu yote manne, ndipo uende dukani. Baada ya hapo hamisha ya mbele nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000.

Sasa aina. Tafuta tairi la safari za starehe, uachane na la michezo. Litazame kwa karibu: meno yake ni madogo na hayalingani urefu, mengine mafupi, mengine marefu kidogo. Limetengenezwa hivyo makusudi, ili meno yasigonge lami kwa mpigo mmoja unaojirudia, kwa sababu mpigo huo ndio unaosikia kama mvumo. Katikati liwe na ukanda wa mpira usiokatika, na mifereji isiwe mipana kupita kiasi. Kwa gari lako ningeangalia Michelin Primacy 4 au Bridgestone Turanza. Ukipata yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, kuna Yokohama Advan dB, Dunlop Veuro na Bridgestone Regno, ambayo ipo sokoni tangu 1981 na tangu mwanzo ililenga utulivu. Namba ya uzito isishuke chini ya 91, yaani kilo 615 kwa kila tairi.

Mimi pia nina Athlete. Jamaa wa duka la rimu ananiambia nikishuka kutoka rimu 18 hadi 17 kelele itapungua. Ni kweli au anataka kuniuzia? (Arusha)

Huenda anataka kukuuzia, lakini alichosema ni kweli. Na kwa maoni yangu, hatua hii huleta utulivu kuliko kubadilisha chapa ya tairi.

Piga hesabu mwenyewe. Kwenye 225/45R18, ile 45 ni asilimia: ubavu wa tairi ni asilimia 45 ya upana wa milimita 225, yaani milimita 101. Ukifunga 225/50R17, ubavu unakuwa zaidi ya milimita 112. Sentimita moja hiyo ya mpira na upepo ndiyo inayomeza mtikisiko wa kokoto kabla haujafika kwenye bodi. Kipenyo cha tairi zima kinatoka milimita 660 hadi 657, kwa hiyo kisoma mwendo hakitadanganya kwa kiasi cha kukusumbua, na gari halitashuka kwa jicho la mtu.

Mambo mawili yaangaliwe kabla ya kulipa. Rimu ya 17 ipite juu ya breki za mbele bila kugusa. Athlete ya injini ya 3.5 ina breki kubwa zaidi, kwa hiyo wafunge rimu moja kwanza na kuizungusha kwa mkono. Pia kina cha rimu (offset, yaani inavyoingia ndani au kutokeza nje) kifanane na cha awali, lisije tairi likagusa bodi ukikata kona umebeba abiria. Usiongeze upana. Tairi pana hupiga lami eneo kubwa zaidi, na kelele huongezeka.

Assalaam alaykum. Nipo Muscat, natumia Lexus ES 350 yenye 235/45R18. Dukani kuna tairi la desibeli 70 na jingine la 72, na la 72 ni rahisi. Tofauti ya mbili ina maana? (Muscat)

Waalaykum salaam. Namba hiyo haielezi kitu unachokitafuta. Ni ya kibandiko cha Umoja wa Ulaya, na inapima kelele inayosikika nje ya gari. Gari hupitishwa kwa mwendo wa karibu kilomita 80 kwa saa, injini ikiwa imezimwa, mbele ya maikrofoni zilizosimamishwa mita 7.5 kutoka mstari wa katikati ya njia, juu ya lami maalumu iliyo laini. Ni kelele ya mtu aliyesimama kando ya barabara. Wewe umekaa ndani, na kinachokufikia kimepita kwenye rimu, bushi na bodi.

Hiyo haina maana kwamba uipuuze. Kila desibeli 3 ni nguvu ya sauti mara mbili, ingawa sikio halisikii mara mbili. Itumie kukataa tairi lenye herufi C kwenye alama ya kelele, lakini usiitumie kuchagua kati ya 70 na 72. Kwenye kibandiko hichohicho tazama herufi ya kushika lami yenye maji, kuanzia A hadi E. Najua mvua Muscat si ya kila wiki, lakini ikija hukuta barabara ina vumbi na mafuta ya miezi mingi, na hapo ndipo tairi linajulikana. Mimi sichukui chini ya B kwa gari la uzito huo, hata liwe kimya namna gani.

Mercedes yangu ya E-Class ina matairi yaliyobandikwa sponji kwa ndani. Fundi pancha amekataa kuziba, anasema tairi limeshakufa. (Mombasa)

Halijafa kwa sababu ya sponji. Kama msumari umeingia eneo la meno na si ubavuni, fundi anatoa tairi kwenye rimu, anakata kipande cha sponji kuzunguka tundu, anasafisha gundi iliyobaki, kisha anaweka kiraka kwa ndani kama kawaida. Kipande kilichokatwa si lazima kirudishwe. Usikubali akumiminie dawa ya kuziba pancha, maana sponji itainyonya, na uzito wake utaliharibia gurudumu mizania.

Sponji hiyo ina kazi yake. Hewa iliyofungiwa ndani ya tairi hulia yenyewe tairi likigonga kiungo cha daraja au kokoto, sauti nene ya karibu mitetemo 200 kwa sekunde, na sponji ndiyo inayoituliza. Mvumo wa meno kwenye lami mbaya haiugusi. Kama njia yako ya kila siku ni lami ya kokoto, sina hakika ni busara kulipia sponji tena mara hii. Pesa hiyo ingefanya kazi zaidi kwenye bushi.

Habari yako. BMW 528i yangu ilikuja na matairi ya ranflati, yale yanayotembea hata upepo ukiisha. Ni magumu na yana kelele. Naweza kuweka ya kawaida? (Nairobi)

Nzuri. Unaweza, na utaona tofauti siku hiyohiyo, kwa sababu ubavu wa ranflati umeimarishwa ili ubebe gari bila upepo, na ugumu huo unaupata kila siku ingawa pancha inakuja mara moja moja. Weka yote manne ya aina moja, ukizingatia ukubwa na namba ya uzito ileile.

Kinachopotea ni ile nafasi ya kutembea kilomita 80 hivi, kwa mwendo usiozidi 80, tairi likiwa tupu. Gari lako huenda halina tairi la akiba. Kama unatembea Nairobi tu, pampu ndogo ya umeme na vifaa vya kuziba vinatosha. Ukiwa mtu wa kwenda Kisumu au Mombasa usiku, nunua tairi jembamba la akiba na jeki, uvifunge vizuri kwenye buti. Ukiona hutaki kubeba mzigo huo, baki na ranflati.

Regno za mtumba kutoka Japani zina meno mengi na bei nzuri. Nichukue? (Mwanza)

Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni. Ikiwa 2317, lilitengenezwa wiki ya 23 ya 2017. Mpira hukauka hata tairi likiwa limelala stoo, na mpira mkavu unapiga kelele na kuteleza kwenye maji. Likizidi miaka mitano mimi silinunui, hata meno yakiwa mapya.

Nikipunguza upepo kidogo gari linakuwa laini na kimya. Kuna ubaya? (Dodoma)

Upo. Ubavu unajikunja kupita kiasi, unapata joto, na safari ndefu ya mchana unaweza kupasuka. Kipimo sahihi kipo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha mafuta kwenye Mercedes nyingi. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Ukikuta umezidisha, punguza hadi hapo tu, na kelele itapungua kwa kiasi ambacho ni halali kupungua.